Domeini ununue kwa nani: msajili wa Kenya, wa ng'ambo, au fundi wa mtaani?

Kampuni inayokuuzia domeini, yaani jina la tovuti na baruapepe zako kwenye mtandao, ipime kwa siku utakayotaka kuihama. Siku ya kununua zote hufanana: unaandika jina, unalipa kwa M-Pesa au kwa kadi, na baada ya dakika chache jina limesajiliwa. Tofauti hujitokeza mwaka wa pili au wa tatu, pale fundi aliyekutengenezea tovuti amehama Nakuru bila kuaga, au bei imepanda maradufu, au baruapepe za ofisi zimekatika Jumatatu asubuhi na hujui umpigie nani. Siku hiyo utataka kujua jina limeandikwa kwa nani, nani anaweza kuingia kwenye akaunti, na kama unaweza kuondoka nalo bila kumwomba mtu ruhusa.

Njia ambazo mwenye biashara wa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma hukutana nazo ni nne. Anaweza kununua kwa msajili wa Kenya aliyeidhinishwa na KeNIC (mtunza majina ya .ke), kwa msajili wa ng'ambo aliyeidhinishwa na ICANN (shirika la kimataifa linaloratibu majina ya mtandao), kupitia fundi au wakala wa mtaani, au kwa kampuni ya kujenga tovuti inayotoa domeini "bure" pamoja na kifurushi chake. Hazilingani kwa usalama, na hatutajifanya zinalingana.

Kwanza, nani anatunza daftari

Kila kimalizio cha jina kina mtunza daftari mmoja. Daftari la .com liko kwa Verisign, la .org liko kwa Public Interest Registry, na la .ke liko kwa KeNIC. Msajili ni kampuni iliyoruhusiwa kuandika majina kwenye daftari hilo kwa niaba ya wateja. Kwa .com, .org na .net ruhusa hiyo hutolewa na ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998. Kwa .ke ruhusa hutoka KeNIC, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na kanuni za mwaka 2010 zinazohusu usimamizi wa majina ya domeini. Chini ya msajili kuna wakala, ambaye hana idhini yake mwenyewe. Yeye huuza kupitia akaunti aliyofungua kwa msajili.

Idhini hizi mbili ni tofauti, na hapo wengi hupotea. Kampuni ya Kenya yenye idhini ya KeNIC inaweza kukuuzia .com vilevile, lakini mara nyingi huko inakuwa wakala wa msajili wa ng'ambo. Kinyume chake pia hutokea: msajili mkubwa wa Marekani anayekuonyesha .co.ke kwenye orodha yake huenda anaipitisha kwa mtu mwingine. Si kosa wala si wizi. Ila kila mkono unaoongezeka kati yako na daftari ni mtu mmoja zaidi wa kumngoja kukiwa na tatizo. Kanuni nzuri ni kununua .co.ke kwa mwenye idhini ya KeNIC na .com kwa mwenye idhini ya ICANN. Ukivunja kanuni hiyo, uwe na sababu unayoweza kuitaja.

Kuhakiki ni kazi ya dakika tano. KeNIC huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya wasajili iliowaidhinisha, na ICANN nayo ina yake. Usiridhike na nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa wa muuzaji, kwa kuwa picha hunakiliwa na yeyote. Halafu fanya jambo la pili, ambalo hueleza mengi zaidi: mwombe muuzaji akutajie tovuti mbili za wateja wake, kisha zitafute kwenye lookup.icann.org kama ni za .com, au kwenye ukurasa wa kutafuta majina wa KeNIC kama ni za .ke. Utaona jina la msajili halisi. Fundi akisema "mimi ndiye ninayesajili" na ukurasa ukataja kampuni nyingine, umeshajua kuwa yeye ni wakala.

Jina limeandikwa kwa nani

Kila domeini ina mwenye jina, na juu ya hapo ina mawasiliano ya usimamizi na ya ufundi. Mbele ya msajili, ya daftari na hata ya wasuluhishi wa migogoro, mwenye domeini ni yule aliyeandikwa kama mwenye jina. Aliyelipa hahesabiwi. Risiti ya M-Pesa itakusaidia kubishana, lakini haikuandiki wewe kwenye daftari.

Kwa msajili wa Kenya na wa ng'ambo, unafungua akaunti mwenyewe na kujaza fomu mwenyewe, kwa hiyo jina huwa lako ukijaza sawasawa. Kwa fundi wa mtaani mambo hugeuka. Fundi mwenye wateja thelathini huona ni rahisi kuweka domeini zote kwenye akaunti moja, kwa jina lake, baruapepe yake na simu yake. Wengi hawana nia mbaya kabisa. Ni njia ya mkato ya kazi. Lakini akifariki, akigombana nawe au akibadilisha kazi, jina la biashara yako limebaki kwenye akaunti ya mtu mwingine. Nembo umeshachora, mabango yameshapigwa chapa, na jina la tovuti liko kwenye mlango wa gari la kusafirisha maziwa kutoka Njoro.

Kuna kikwazo hapa. Tangu mwaka 2018, baada ya sheria ya faragha ya Ulaya kuanza kutumika, taarifa za mwenye jina kwenye domeini nyingi za .com hufichwa kwa umma. Ukitafuta jina lako utaona maneno ya kuonyesha kwamba taarifa zimezuiwa, na hutaweza kujua kama ni wewe uliyeandikwa au ni fundi. Ushahidi pekee wa kuaminika uko ndani ya akaunti. Kwa hiyo mwambie fundi akufungulie akaunti ya msajili mbele yako, au akuonyeshe ukurasa wa mawasiliano ya domeini ukiwa umeketi naye, na si picha ya skrini aliyokutumia WhatsApp.

Kama unampa fundi kazi, mwandikie hivi kabla ya kulipa: "Domeini isajiliwe kwa jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, kwa baruapepe na simu ya mwenye biashara. Akaunti ya msajili iwe ya mwenye biashara, na fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi tu." Fundi mzuri hatasita. Wasajili wengi wana njia ya kumwongeza mtu kwenye akaunti bila kumpa nenosiri, na kama haipo, unaweza kubadilisha seva za majina (kompyuta zinazoeleza tovuti na baruapepe za jina lako ziko wapi) mwenyewe akikuelekeza kwa simu.

Makundi yana shida yao ya pekee. Shule ya Bungoma husajili kwa baruapepe ya mwalimu mkuu, naye anahamishwa muhula unaofuata. Shirika la kijamii la Busia husajili kwa baruapepe ya katibu, na uchaguzi unamleta katibu mwingine. SACCO nayo hutumia namba ya kijana wa kompyuta aliyekuwa kwenye attachment miezi mitatu. Dawa ni kuwa na anwani ya ofisi ambayo viongozi wawili wanaweza kuifungua, na kuweka jina la taasisi kwenye sehemu ya shirika.

Anwani hiyo isiwe ndani ya domeini yenyewe. Hili hutokea mara nyingi na huumiza sana. Ukisajili kwa ofisi@ikifuatiwa na jina lako la biashara, siku domeini inapoisha muda baruapepe hiyo nayo inakufa. Ujumbe wa kukumbusha kulipa haukufikii, na ujumbe wa kubadilisha nenosiri haukufikii. Tumia Gmail au huduma nyingine ya nje kwa akaunti ya msajili, hata kama barua zote za wateja zinapita kwenye anwani ya biashara.

Kuondoka

Hapa ndipo wasajili hutengana kabisa, na hapa ndipo pa kuuliza maswali kabla hujalipa.

Ili kuhamisha domeini kwa msajili mwingine unahitaji kufungua kufuli ya uhamisho, kisha kupata msimbo wa uhamisho, ambao wengine huuita msimbo wa EPP. Kwa majina yaliyo chini ya ICANN, msajili anatakiwa akupe njia ya kufungua kufuli na kupata msimbo, na kama huwezi kuupata mwenyewe ndani ya akaunti anapaswa kukupa ndani ya siku 5 tangu uombe. Baada ya kuupeleka msimbo kwa msajili mpya, uhamisho huweza kuchukua hadi siku 5 nyingine ikiwa msajili wa zamani hatauidhinisha mapema. Huwezi kuhama ndani ya siku 60 za kwanza baada ya kusajili, wala ndani ya siku 60 baada ya uhamisho uliopita. Kubadilisha mwenye jina nako kunaweza kuleta kufuli ya siku 60, kwa hiyo kama unataka kuhama na pia kurekebisha jina, hama kwanza. Uhamisho wa .com hulipiwa mwaka mmoja, na mwaka huo huongezwa kwenye muda uliobaki, mradi jumla isizidi miaka 10. Hupotezi pesa.

Kwa .ke kanuni hizo za ICANN hazitumiki. Utaratibu ni wa KeNIC. Bado kuna msimbo na bado unahama kati ya wasajili, lakini ukikwama wa kumlalamikia ni KeNIC, na juu yake Mamlaka ya Mawasiliano. Faida ya mtu wa Kisumu ni kwamba wote wako nchini, wanasikiliza kwa Kiswahili na Kiingereza cha hapa, na barua yako itasomwa na mtu anayejua cheti cha BRS, cha usajili wa biashara, ni nini.

Sasa ulinganishe. Msajili wa ng'ambo mwenye jina huweka kufuli na msimbo ndani ya akaunti. Unabofya mara mbili na umemaliza. Wasajili wa Kenya wako makundi mawili. Kuna wale ambao eneo la mteja lina kitufe cha kupata msimbo, na kuna wale wanaotaka ufungue tiketi ya msaada, usubiri, ujibu kwa nini unaondoka, kisha upigiwe simu ya kukubembeleza. Kundi la pili linafaa kuepukwa hata kama bei ni nzuri. Waulize kwa maandishi kabla ya kulipa: "Nikitaka msimbo wa uhamisho, ninaupata mwenyewe ndani ya akaunti?" Jibu la moja kwa moja ni ndiyo au hapana. Ukijibiwa "tutakusaidia ukifika wakati huo", umejibiwa hapana.

Wakala wa mtaani hana kitufe chochote cha kukupa, kwa sababu akaunti si yako. Na kampuni ya kujenga tovuti inayokupa domeini bure huweza kukuruhusu kuhama, lakini soma masharti: baadhi hukata bei ya domeini ukiondoka kabla ya mwaka, na nyingine hazikupi nafasi ya kuhariri rekodi za domeini mpaka ununue kifurushi kikubwa.

Kosa moja la kiufundi huharibu hata uhamisho uliofanyika vizuri. Kama ulikuwa ukitumia seva za majina za msajili wa zamani, rekodi zako ziko kwake, na anaweza kuzifuta ukishahama. Tovuti inapotea na baruapepe zinarudi. Kabla ya kuanza, nakili rekodi zote: A inayoelekeza tovuti, MX za baruapepe, na TXT zenye SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua ni zako kweli. Ziandike upya kwenye seva mpya za majina, elekeza domeini huko, ngoja siku mbili uone barua zinaingia na kutoka, ndipo uanze uhamisho.

Bei, na bei ya mwaka wa pili

Tangazo la domeini kwa shilingi mia chache linahusu mwaka wa kwanza. Chukua mfano wa hesabu tu: muuzaji mmoja anatoza 300 mwaka wa kwanza na 2,400 kila mwaka baadaye, mwingine anatoza 1,500 kila mwaka. Kwa miaka mitano wa kwanza amekula 9,900, na wa pili 7,500. Bei ya kulipia upya ndiyo ya kutafuta. Wasajili waaminifu huiweka kwenye jedwali lilelile la bei. Wengine huificha kwenye masharti, na hiyo peke yake inatosha kukufanya uangalie kwingine.

Kwa .com kuna kipimo kinachosaidia. Septemba 2024 Verisign ilianza kuwatoza wasajili dola 10.26 kwa mwaka, na juu yake kuna ada ya ICANN ya senti 20 hivi za dola. Dola ikiwa shilingi 129, gharama ya msajili mwenyewe ni kama shilingi 1,350. Anayeuza chini ya hapo anakuvuta kwa mwaka wa kwanza au anatarajia ununue kitu kingine. Anayekutoza 2,000 anapata faida ya kawaida. Anayekutoza 4,500 kwa .com tupu akueleze analeta nini. Cloudflare huuza kwa bei ya gharama bila kuongeza, lakini inakulazimu kutumia seva zake za majina, jambo ambalo haliwafai wote. Namecheap haitozi pesa kwa kuficha taarifa zako. Mambo ya aina hiyo ndiyo ya kulinganisha, zaidi ya shilingi hamsini huku na kule.

Kumbuka VAT. Bei ya 1,200 isiyojumuisha VAT ya asilimia 16 inakuwa 1,392 kwenye ankara. Wasajili wa ng'ambo pia wanaweza kuongeza kodi hiyo kwa mteja wa Kenya kwenye ukurasa wa mwisho, na benki yako huchukua chake kwenye kubadilisha fedha. Biashara inayodai gharama zake kwa KRA itapenda msajili wa Kenya kwa sababu anatoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA.

Malipo, na domeini inayokufa usingizini

M-Pesa ndiyo nguvu kubwa ya msajili wa Kenya. Unalipa kwa Paybill, unapata risiti, umemaliza. Udhaifu ni kwamba kwa kawaida malipo hayo hayajirudii yenyewe. Lazima mtu akumbuke. Kwa msajili wa ng'ambo kadi hukatwa kila mwaka bila kuulizwa, lakini kadi ikiisha muda, au kadi ya M-Pesa GlobalPay ikakuta hakuna salio siku ile, malipo hukataliwa na ujumbe huishia kwenye baruapepe isiyosomwa. Kwa njia zote mbili dawa ni moja: lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo kama bei ya kulipia upya inakuridhisha, na uweke kikumbusho kwenye simu siku 60 kabla ya kuisha.

Ikiisha muda, kwa .com hali huwa hivi. ICANN inamtaka msajili akukumbushe mara mbili kabla, takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla ya tarehe, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Msajili anaweza kushikilia jina hadi siku 45, lakini hizo si haki yako. Anaweza kulikata au kulipeleka mnadani mapema, kulingana na masharti yake. Likifutwa linaingia kipindi cha siku 30 cha kulikomboa, ambapo utalipa ada ya ukombozi iliyo mara kadhaa ya ada ya mwaka. Baada ya hapo ni siku 5 za kusubiri kufutwa kabisa, na hakuna mtu anayeweza kulirudisha siku hizo. Likiachiwa, programu za wanaovizia majina hulinyakua ndani ya sekunde. Kwa .ke ratiba ni ya KeNIC, usiipigie hesabu kwa siku za .com. Muulize msajili: kuna siku ngapi za msamaha, na ada ya kukomboa ni kiasi gani?

Msajili mkubwa naye huondoka

Watu hudhani jina kubwa ni kinga. Mwaka 2023 Google iliuza biashara yake ya Google Domains kwa Squarespace, na wateja wakajikuta kwa msajili ambaye hawakumchagua. Mwaka 2007 ICANN iliifutia idhini RegisterFly baada ya malalamiko mengi, na majina ya wateja yakahamishiwa GoDaddy. Wenye majina waliokuwa wameandikwa sawasawa waliweza kuendelea. Walioumia zaidi katika mikasa ya aina hii ni wale ambao kumbukumbu zao si za kweli au ziko kwa jina la mtu wa kati. Hiyo ndiyo thamani ya idhini: msajili akianguka, kuna mwenye mamlaka wa kuyachukua majina. Wakala akianguka, wa kwanza kumtafuta ni msajili aliye nyuma yake, na huyo atakuuliza wewe ni nani kwenye kumbukumbu zake.

Ulinzi wa akaunti

Domeini ikiibwa, mwizi hubadilisha seva za majina na kusoma baruapepe zako, pamoja na ujumbe wa kubadilisha nenosiri la benki. Kwa hiyo usikubali msajili asiye na uthibitisho wa hatua mbili, hata awe wa bei gani. Uwe wa programu ya simu inayotoa namba, usiwe wa SMS peke yake, kwa kuwa wizi wa laini kwa kubadilisha kadi ya simu unajulikana vizuri hapa kwetu. Wasajili wakubwa wa ng'ambo wote wanao. Kwa wa Kenya, angalia mipangilio ya usalama kwenye eneo la mteja, au uliza. Kufuli ya uhamisho ibaki imefungwa siku zote. Kwenye ukurasa wa kutafuta utaona imeandikwa clientTransferProhibited, na hiyo ni habari njema.

Jihadhari pia na ankara za uongo. Biashara ikishasajili .com itaanza kupokea barua zinazosema jina lake liko hatarini China, au kwamba malipo ya "usajili" yamechelewa. Zinafanana na ankara halisi. Usilipe kupitia kiungo cha barua. Ingia kwenye akaunti yako mwenyewe uangalie tarehe.

Basi uchague nani?

Duka la vipuri Section 58, hoteli Milimani ya Kisumu, kinyozi au wakili wa Kakamega ambaye wateja wake wako Kenya: chukua .co.ke kwa msajili wa KeNIC mwenye kitufe cha msimbo, uthibitisho wa hatua mbili na bei ya kulipia upya iliyo wazi. Huna haja ya kadi ya dola.

Kampuni ya maua ya Naivasha au Njoro inayouza Ulaya, au kampuni ya watalii inayopeleka wageni Ziwa Nakuru: .com kwa msajili wa ICANN moja kwa moja, na .co.ke kwa msajili wa Kenya ili mwingine asiichukue. Akaunti mbili, baruapepe moja ya ofisi, kikumbusho kimoja.

Shule na vyuo hawana uhuru mkubwa, kwa sababu .sc.ke na .ac.ke, kama .go.ke ya serikali, huhitaji nyaraka za kuthibitisha taasisi. Tumieni msajili wa Kenya aliyezoea kupeleka nyaraka hizo KeNIC, na barua iandikwe kwa jina la shule. Mashirika yasiyo ya faida yana .or.ke, na mtu binafsi ana .me.ke. Jina fupi la .ke lenyewe bila .co limefunguliwa kwa umma tangu mwaka 2017, ila kwa kawaida huuzwa ghali zaidi.

Anayeanza na tovuti ya kifurushi chenye domeini ya bure: nunua domeini mwenyewe kwa msajili, kisha ielekeze kwenye kifurushi. Utalipa kama shilingi elfu moja na kitu zaidi mwaka wa kwanza. Siku ukichoka na kifurushi utabadilisha rekodi mbili na kuondoka.

Na fundi? Mpe kazi, mlipe vizuri, anastahili. Lakini awe mgeni kwenye akaunti yako. Kama domeini yako iko kwake tayari, usianze kwa ugomvi. Fungua akaunti kwa msajili, mwombe kwa heshima akusogezee domeini kwenye akaunti yako, au akupe msimbo, na ujitolee kulipa ada ya mwaka ya uhamisho. Mkiwa kwa msajili mmoja, kuisogeza kutoka akaunti moja hadi nyingine huwa ni kazi fupi isiyo na malipo. Fanya hivyo kukiwa kumebaki miezi miwili au zaidi kabla ya kuisha. Akikataa kabisa, kusanya ankara, jumbe na cheti cha biashara, kisha uandikie msajili aliyetajwa kwenye ukurasa wa kutafuta, na kwa .ke uwape KeNIC nakala.

Wiki mbili za kwanza baada ya kulipa

Kwa .com, msajili hukutumia ujumbe wa kuthibitisha baruapepe. Usipobofya ndani ya siku 15, jina linaweza kusimamishwa: tovuti inazimika, na ukurasa wa kutafuta unaonyesha clientHold. Wengi hudhani wamedukuliwa, kumbe ujumbe uko kwenye barua taka. Ubofye siku hiyo hiyo.

Kisha ingia kwenye akaunti uangalie mwenye jina, herufi kwa herufi kama kwenye cheti, tarehe ya kuisha, kwa kuwa kuna wanaolipia mwaka mmoja na kuandikia mteja ankara ya miwili, kufuli imefungwa, na hatua mbili zimewashwa. Omba msimbo wa uhamisho hata kama huendi popote, uone kama unapatikana. Usipopatikana ndani ya wiki ya kwanza, anza kupanga kuhama siku 60 zikiisha. Chapisha ukurasa wa mawasiliano ya domeini pamoja na risiti, na uviweke kwenye faili moja na cheti cha biashara na PIN ya KRA.